Godoro Nyuma ya Kochi

Mhariri alinipa wiki mbili. Alitaka makala ndefu kuhusu walio nacho na wasio nacho hapa Dar es Salaam, na akasisitiza kwamba na mimi niwemo. "Usituletee takwimu tupu," alisema, "tueleze umeona nini." Nilipokea kazi ile kwa furaha maana nilijua pa kuanzia. Mji huu uligawanywa na wakoloni kwa rangi za watu, na majina ya mgawanyo ule hatujayaacha: Uzunguni, kule Oysterbay penye upepo wa bahari, Uhindini, katikati ya mji, duka chini na makazi juu, Uswahilini, Kariakoo na Ilala, nyumba za vyumba sita na ukumbi katikati. Rangi zimechanganyika, upepo umebaki palepale. Nikaamua makala yangu itahusu upepo.

Usiku wa nne nilikuwa sebuleni, kompyuta mapajani, saa tano imeshapita. Nilikuwa nimemaliza aya niliyoipenda mno, ya jinsi hewa ya bure inavyogeuka kuwa mali ya mwenye kiwanja. Nikamsikia dada anakohoa jikoni. Baada ya muda akatokea mlangoni, kanga kaifunga kifuani.

"Mama, bado unaandika?"

"Bado kidogo."

"Haya."

Akarudi jikoni. Nikasikia kigoda kikiburuzwa. Niliandika kama robo saa nyingine ndipo akili ikanijia. Dada analala sebuleni. Godoro lake mchana kutwa huwa limesimamishwa nyuma ya kochi, na kochi lenyewe nilikuwa nimelikalia mimi, naandika kuhusu dhuluma ya upepo, huku mtu anayetakiwa kuamka saa kumi na nusu alfajiri amekaa kwenye kigoda jikoni akisubiri nimalize.

Nilifunga kompyuta nikampisha. Nisijipambe, haikuwa toba. Ilikuwa aibu ya kukutwa. Lakini asubuhi, ndani ya daladala iliyokwama Buguruni, nilijua kwamba makala ya upepo imekufa.

Niseme mapema kwamba sisi siyo matajiri, maana najua msomaji ameshaanza kunichorea geti la umeme. Tunaishi Tabata, nyumba ya kupanga, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na stoo. Mume wangu yuko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mimi ninashinda ofisini Posta, katikati ya mji, na usiku naandika vya kuongezea kipato. Tunatoka saa kumi na mbili, tunarudi saa mbili usiku, na katikati ya hizo saa kuna mtoto wa miaka mitano ambaye lazima awe na mtu. Mtu huyo tunamwita dada. Kila nyumba ya mtaa wetu inaye wake, hata ile ambayo mwenyewe anakopa unga dukani.

Jina lake sitaliandika, ameniomba nisiliandike. Ila nilipomwomba ruhusa ndipo nilipogundua kwamba kwenye simu yangu, miaka miwili na nusu, alikuwa ameandikwa "Dada Nyumbani". Kabla yake kulikuwa na mwingine. Namba ilibadilika, jina likabaki lilelile.

Neno lenyewe lina mambo. Kwa Kiswahili cha kawaida dada ni ndugu wa kike, hasa aliyekutangulia kuzaliwa. Huyu ana miaka ishirini na miwili, mimi nina thelathini na sita. Namwita dada kwa sababu mwanangu anamwita dada, yaani nimeazima mdomo wa mtoto. Yeye ananiita Mama. Ukifuata hesabu hiyo ya ukoo mpaka mwisho, huyu ni mzaliwa wangu wa kwanza: anaamka kabla ya wote, anakula wa mwisho, na hana kitanda.

Nikaanza kuyachimba maneno mengine tuliyowahi kumpa mtu huyu. La zamani kabisa ni mjakazi, na mwenzake wa kiume mtwana. Hayo yalikuwa maneno ya watumwa, na utumwa kisheria ulikoma Zanzibar mwaka 1897, Tanganyika mwaka 1922. Yakaja maneno ya wakoloni. Boi alikuwa mwanamume mzima, pengine mwenye wajukuu, aliyepika na kufua kwa mzungu. Yaya alilea watoto. Baadaye hausigeli, na vijana wa mjini wakaleta beki tatu, kama mchezaji wa nyuma asiyetajwa mpaka timu ifungwe. Yote hayo siku hizi tunaona ni matusi. Nyumba yenye adabu inasema dada. Wanaotaka lugha ya ofisini wanasema mfanyakazi wa nyumbani, lakini sijamsikia mtu akisema hivyo nyumbani.

Katikati hapo kulikuwa na neno ndugu. Baba yangu alilitumia mpaka kufa: ndugu mwenyekiti, ndugu dereva, ndugu muuza mkaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi, kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nimeyasoma upya masharti yale nikitafuta yaya. Hayumo. Ujamaa uliingia mpaka kwenye maduka na mashamba ya mkonge, ila kwenye jiko la kiongozi ulibisha hodi ukakuta dada ndiye anayefungua mlango.

Wa kwetu wa utotoni alitoka Mufindi. Miaka ile, ukisema unatafuta msichana wa kazi, kila mtu alikuelekeza Iringa, kama vile wanakolimwa. Alikuja na mama mmoja wa kanisani, na sidhani kama alikuwa amefikisha miaka kumi na minne. Methali inampa mgeni siku mbili za kupumzika, ya tatu ndipo apewe jembe. Huyu alifika usiku, alfajiri nilimkuta anasugua masufuria kwa majivu.

Alikuwa amemaliza darasa la saba na alikuwa na akili kuliko sisi wote mle ndani. Enzi hizo sekondari za serikali zilikuwa chache, kufaulu peke yake hakukutosha, ilibidi uchaguliwe. Hakuchaguliwa. Jedwali la kuzidisha alinifundisha yeye, kwa kipande cha mkaa ukutani nyuma ya choo, na nikikosea alinifinya sikio huku anacheka. Mpaka leo nikizidisha saba mara nane nasikia harufu ya sabuni ya mche.

Alikuwa na kikombe chake cha plastiki cha njano. Hakuna aliyemkataza kutumia vikombe vyetu, angalau sikumbuki amri kama hiyo. Kikombe kilikaa tu peke yake kwenye pembe ya kabati, nasi watoto tulijua kutokigusa kama tulivyojua kutochezea moto. Mama akiwa zamu ya usiku hospitalini tulikula wote kwenye sinia moja, yeye akigawa vipande vya samaki kwa haki ya kupigiwa mfano. Mama akiwepo, alikula jikoni.

Mshahara wake alitunza mama. Ndivyo ilivyokuwa, na kwa wengi ndivyo ilivyo hata sasa: msichana mdogo atafanyia nini pesa, acha zikae, siku ya kuondoka atapewa zote pamoja. Aliahidiwa cherehani. Nakumbuka jinsi alivyolitaja, cherehani la miguu, na jinsi alivyokuwa akichora mishono ya magauni kwenye kurasa za nyuma za madaftari yangu. Aliondoka mwaka 2000. Tulimsindikiza stendi ya Ubungo. Mkononi alikuwa na doti mbili za vitenge, nauli, na bahasha ambayo sijui ilikuwa na kiasi gani. Cherehani litafuata, mama alisema.

Basi nikavuka na pantoni kwenda Kigamboni kumuuliza mama.

Alikuwa barazani anachambua mchicha. Nikazunguka zunguka, nikauliza habari za miguu yake, habari za jirani, kisha nikaitoa: "Mama, lile cherehani la dada wa Mufindi, lilienda?"

Akaendelea kuchambua. "Kwa nini unauliza?"

"Naandika makala."

"Aha. Kwa hiyo mimi ndiyo makala."

Nikanyamaza. Mama yangu alikuwa muuguzi, na baba alikuwa miongoni mwa maelfu ya watumishi wa serikali waliopunguzwa kazi miaka ile ya tisini. Mshahara wa mama ulilisha watu saba. "Tulimlea kama mwanetu," alisema. "Alipougua malaria nilimchoma sindano kwa mkono wangu. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemgusa. Unajua nyumba zingine walikuwa wanafanywa nini?" Kisha akaweka ungo chini. "Cherehani halikwenda. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Ukaja mwaka wako wa kidato cha kwanza, ada, sanduku, godoro la bweni. Pesa ya cherehani ulilalia wewe."

Sikuwa na la kusema. Naye hakuwa amemaliza.

"Na huyo wako," aliuliza, "unampa kiasi gani?"

Shilingi 50,000. Nilikuwa nampa 50,000 kwa mwezi, na nilijiona mwema kwa sababu jirani alikuwa anatoa 40,000, na kwa sababu sikuwahi kuchelewesha.

Niliporudi niliitafuta sheria, jambo ambalo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulifanya. Nilikuwa najua kifungu cha katiba kinacholinda uhuru wangu wa kuandika, ila kima cha chini cha mtu aliyelala nyuma ya kochi langu sikukijua. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka 40,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri. Kiasi hicho kilikaa vilevile zaidi ya miaka tisa, mchele ukipanda, sukari ikipanda. Amri iliyofuata, Tangazo la Serikali namba 687 la mwaka 2022, lililoanza kutumika Januari 2023, ikapandisha mpaka 60,000. Asiyelala kwa mwajiri, 120,000. Kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, 250,000. Kwa hiyo mwaka ule wa 2023, nikiwa naandika makala ya kuwasuta watu wa Masaki, jirani na Oysterbay, nilikuwa navunja sheria kwa shilingi 10,000 kila mwezi, na mtu wa ubalozini ninayemsuta, kama alifuata amri, alikuwa analipa mara tano yangu.

Nataka kukaa kidogo kwenye zile namba mbili, 60,000 na 120,000. Tofauti yake ndiyo iliyokuwa bei ya malazi na chakula. Kwa hesabu hiyo, nusu nzima ya jasho la dada ililipwa kwa paa. Kwetu paa hilo lilikuwa upande wa nyuma wa kochi. Nyumba za zamani za Oysterbay zilijengwa na kijumba cha uani kwa ajili ya boi. Kilikuwa kidogo, kiko mbali na macho ya wageni, kilijengwa kwa dharau, lakini kilikuwa na mlango. Sisi tuliokuja baadaye tumemwingiza ndani, tumemwita dada, na mlango tukamnyang'anya.

Nikachukua daftari nikahesabu saa zake. Anaamka saa kumi na nusu. Uji, maji ya kuoga, sare, nywele, maana basi la shule linapita saa kumi na mbili kasorobo. Halafu sakafu, nguo, soko la Segerea, chakula cha mchana. Saa nane mtoto anarudi. Halafu chakula cha jioni, halafu vyombo, halafu kusubiri sebule iwe huru. Nikaweka saa nne usiku kuwa mwisho. Nikatoa saa mbili na nusu za kupumzika mchana, ingawa kupumzika kwenyewe ni kukaa karibu na mtoto wa miaka mitano. Nikapata saa 105 kwa wiki. Sikuhesabu usiku wa mpira wa Ulaya, ambao huku kwetu huanza saa nne au saa tano usiku, mume wangu na wenzake wakipiga kelele juu ya godoro la mtu. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, siku moja ya kupumzika, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Gawanya 50,000 kwa saa zake za mwezi: ni kama shilingi 110 kwa saa. Andazi la mama wa kona lilikuwa 200.

Ukurasa huohuo wa daftari ulikuwa na matumizi yetu ya mwezi. Basi la shule: 70,000. Basi linalombeba mwanangu kilomita sita lilikuwa linalipwa kuliko binadamu aliyembeba mgongoni tangu hajatimiza miaka mitatu.

Najua majibu yote, nimeyatumia mwenyewe. Anakula anachotaka. Halipi kodi wala umeme. Sabuni yetu, mafuta yetu, akiugua tunampeleka zahanati. Na kwao hali ikoje? Yote ni kweli. Kwao ni Kondoa, mvua mwaka mmoja ndiyo mwaka mwingine hapana, na kila tarehe moja anatuma 30,000 kwa simu. Mdogo wake yuko kidato cha pili shule ya kata. Ada ilifutwa Januari 2016, lakini ada haijawahi kuwa gharama yote: kuna sare, madaftari, michango, mafuta ya taa ya kusomea. Yeye mwenyewe alimaliza kidato cha nne shule kama hiyohiyo, moja ya zile zilizojengwa kwa kasi kata kwa kata kuanzia mwaka 2006, majengo yakatangulia, walimu wakafuata kwa mwendo wao. Alisoma fizikia kwa Kiingereza asichokielewa kutoka kwa mwalimu asiyekuwepo. Akapata divisheni foo, daraja la chini kabisa la kufaulu.

Mwanangu anasoma shule ya Kiingereza. Jioni moja niliwahi kurudi nikawakuta mezani, dada kashika kitabu, mtoto anamsahihisha matamshi. Neno lilikuwa "kitchen". Dada alirudia, mtoto akatikisa kichwa kama mwalimu mkali, akarudia tena. Walicheka wote wawili. Siku nyingine, nikitafuta kalamu kwenye droo ya jikoni, nikakuta kidaftari: kayaandika maneno yote ya kitabu cha mtoto kwa mwandiko mzuri, moja moja, na maana yake pembeni. Pembeni ya "kitchen" alikuwa ameandika: jiko, ninapokaa.

Nilirudisha kidaftari nilikokitoa. Sijawahi kumwambia kwamba nilikiona.

Baada ya wiki hiyo niliamua kurekebisha, na kwa kuwa mimi ni mtu wa karatasi, nikaandika mkataba. Kurasa mbili. Saa za kazi, mshahara, mapumziko, likizo. Nikamkalisha mezani Jumamosi mchana, nikampa asome. Alisoma polepole, uso ukibadilika, na alipofika mwisho macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Sasa mbona mnaniandikia?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwake ile karatasi ilikuwa barua ya kufukuzwa. Ndugu haandikiwi. Ukishaandikiwa maana yake umeshatolewa kwenye undugu, na undugu, pamoja na ubovu wake wote, ndiyo bima pekee aliyokuwa nayo: siku mama yake akiugua, ataniomba kama Mama, hataniomba kama mwajiri. Nilidhani nampa haki. Yeye aliona nachukua kitu na sijasema nitarudisha nini. Hapo nilikumbuka kwamba huko Geneva mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mzima wa kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Pale mezani kwangu Tabata mkataba wa kurasa mbili ulikuwa unamliza mtu.

Tukauacha mkataba tukazungumza. Nikamuuliza angependa nini kibadilike. Nilitegemea atasema pesa, na nilikuwa nimeshajiandaa na namba kichwani. Alikaa kimya, akakunja kona ya kitambaa cha meza, akakunjua.

"Nikipata mahali pa kufunga," alisema.

"Kufunga nini?"

"Mlango."

Tulisema hatuna chumba. Mume wangu ndiye aliyesema, na mimi niliitikia, na tulikuwa wakweli kabisa, mpaka mtoto, aliyekuwa anachora chini ya meza, akauliza kama stoo siyo chumba. Stoo! Ndani yake mlikuwa na sanduku la televisheni, televisheni yenyewe ikiwa ukutani mwaka wa nne. Kitanda cha mtoto kilichobomolewa. Mabegi matatu ya safari ya watu wasiosafiri. Feni mbovu, ndoo za rangi, viti vya plastiki vya shughuli. Vitu vyetu vilikuwa na chumba chao, chenye dirisha, na tulikuwa tumevipa bila kufikiri mara mbili.

Kilitusumbua Jumapili moja na nusu. Fundi alipima: mita mbili kwa mbili na nusu. Akaweka mlango wa mbao na komeo kwa ndani, dada alisisitiza kwa ndani. Mshahara tukapandisha mpaka 80,000 na Jumapili ikawa yake kuanzia baada ya chai. Nilihesabu tena, nikiwa na kiburi kidogo: sasa saa zimeshuka mpaka 80 kwa wiki, shilingi 230 hivi kwa saa. Andazi moja na chenji. Mume wangu alinung'unika, siyo kwa ubaya, alitaka tu kujua pesa hiyo inatoka wapi, na jibu lilikuwa kwamba naandika makala mbili zaidi kwa mwezi. Mama yangu aliposikia alisema nimeanza kuwaharibu. Jirani alisema vilevile kwa ukali zaidi, kwa sababu dada wake alikuwa ameanza kuuliza maswali.

Usiku wa kwanza nilisikia komeo likifungwa saa tatu. Jumapili alivaa gauni ambalo sikujua analo, akaenda zake, akarudi jioni, na sikumuuliza alikokwenda. Nilitaka sana kumuuliza.

Makala ya mhariri nilipeleka ikiwa imechelewa na haikuwa na upepo wala bahari. Alisema ni nzuri lakini haina Masaki.

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana mtu mwema. Ila mwaka uliofuata dada aliniambia anakwenda Omani. Wakala alikuwa amepita Kondoa, binti wa shangazi yake alishatangulia Muscat, mshahara wa mwezi mmoja kule ulikuwa zaidi ya wangu wa miezi mitatu kwake. Nilimweleza ninayoyajua kuhusu kafala, jinsi mfanyakazi anavyofungwa kwa mwajiri aliyemdhamini, hati za kusafiria zinazofungiwa kabatini, wasichana waliorudi hawasemi. Alinisikiliza kwa heshima zote. "Nimesikia, Mama," alisema. "Lakini mdogo wangu mwakani anaingia kidato cha nne." Katika maisha yangu sijawahi kutoa ushauri mzuri uliokuwa na faida kwangu kiasi kile.

Hunitumia ujumbe wa sauti mara mojamoja, usiku wa manane, anapomaliza kazi. Watoto anaowalea ni wanne, ghorofa ni tatu. Bibi wa nyumba ile anajua Kiswahili, alizaliwa Unguja, na mambo yakiwa mazuri wanapika wote biriani. Mambo yakiwa mabaya anazungumza Kiarabu. "Huku wananiita shaghala," aliniambia katika ujumbe mmoja. "Nimeuliza maana yake. Mfanyakazi tu." Akacheka. Nimeusikiliza ule mcheko mara nyingi na sijui uko upande gani. Shaghala, shughuli, neno ni la ukoo mmoja. Halafu akauliza kama mtoto ameshajua kufunga kamba za viatu.

Hajajua.

Miezi miwili tumekaa na dada wa kutwa kutoka Kimanga, anakuja asubuhi anaondoka jioni, sasa amepata kazi karibu na kwao. Kwa hiyo Jumamosi anafika mwingine kutoka Singida. Nitampokea stendi ya Magufuli kule Mbezi. Nimeongea naye kwa simu, nikamuuliza majina yake matatu, akanitajia moja, nikayaomba mengine mawili. "Wewe niite dada tu, Mama," alisema, na nikasikia mtu mwingine nyuma yake akimwambia asiniudhi. Nimemsevu kwa majina yote matatu. Atakuja na lile begi la mistari ambalo sote tunaliita shangazi kaja.

Jana usiku nilikwenda kukiandaa chumba. Taa sikuwa nimeiwasha humo tangu yule wa Kondoa aondoke. Feni mbovu ilikuwa imerudi. Viti vya plastiki vilikuwa vimerudi, vimepangwa vizuri, na juu yake meza ya kupigia pasi. Hakuna aliyeamua. Mume wangu alisema siyo yeye, na mimi nakumbuka kabisa mikono yangu ikiliingiza sanduku la televisheni, nikisema ni kwa muda.

Leo asubuhi nimelitoa sanduku nikampa muuza vyuma chakavu, ingawa ni la karatasi, akalichukua. Viti vimeenda kwa jirani. Mabegi matatu bado yako koridoni, tunayaruka tukipita.